Picha Iliyofukizwa Udi

Siku picha ya Maalim ilipoingia nyumbani kwetu Al Khuwair, hapa Maskati, lifti iligoma, nikaibeba ngazi zote mwenyewe, na nilipofika mlangoni mikono yangu ilikuwa imerefuka. Mke wangu anasema nazidisha. Basi na ajaribu yeye kubeba ukuta. Maana ile haikuwa picha kama picha za watu, ya ngalawa au ya farasi. Ilikuwa chokaa, mchanga, lami na vipande vya gunia, na juu yake rangi imepakwa nene, kama mtu anayepaka siagi ya jirani.

Shangazi yangu, aliyenilea na ambaye sasa anakaa nasi, aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Hii nini?"

"Picha, shangazi."

"Picha ya nini?"

"Si ya kitu. Ni picha tu."

"Yakhe! Nyumba ina kuta nne, wewe umekwenda kuleta wa tano?"

Nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni. Tangu dakika ile mpaka siku niliyoirudisha sikuvuta pumzi ya kushiba.

Niseme kwanza Maalim ni nani. Mimi cheti changu nimekipata kwenye madarasa ya jioni, mtu mzima na kitambi changu, nikitoka ofisini moja kwa moja na kukaa kwenye kiti cha skuli kilichotengenezwa kwa makalio ya mtoto. Maalim alitufundisha hesabu. Alikuwa mhandisi wa barabara aliyestaafu, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, na ujanani alisoma Ulaya. Hesabu zikisha, badala ya kutuacha twende zetu tukale, alikuwa akitueleza habari za wachoraji. Darasa zima ni makarani, madereva na walinzi, tumechoka kama punda wa chokaa, na yeye anatwambia kwamba baada ya Vita Vikuu vya Pili wachoraji wengi wa kule walitoka nje wakakuta miji yao imekuwa vifusi, na baadhi yao waliona haya kukaa tena kuchora bakuli la matunda. Wakachukua kifusi chenyewe. Mchanga, plasta, gunia, lami. Wakakwaruza, wakachoma, wakatoboa. Zamani rangi ilikuwa nguo ya kulivisha umbo, alisema; kwa watu hawa rangi ikawa mwili, ina uzito wake na ngozi yake, na makovu.

"Picha hizi," alitwambia, "zinatazamwa kwa jicho, lakini anayezifahamu ni mkono."

Niliipenda kauli ile mpaka nikaitumia kwenye hotuba ya harusi ya binamu yangu. Hakuna aliyeelewa, na wote walipiga makofi.

Picha yake hiyo alipewa na mzee aliyempangisha chumba enzi za masomo yake. Mzee yule alikuwa mchoraji, na baada ya vita hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala uwezo wa kukinunua, kwa hivyo alichora juu ya picha zake mwenyewe za zamani. Siku ya kuagana alimpa Maalim hii, akamwambia, "Chini ya hii ipo nyingine." Ipi, hakusema. Maalim akaondoka nayo, akaishi nayo miaka yote, akioa, akizaa, akifiwa na mke, na jambo lile hakulijua.

Kisha macho yakaanza kumtupa. Maradhi yake yanakula katikati ya jicho na kuacha pembeni. Ukikaa mbele yake anakuona kingo tu. "Wewe nnakuona masikio," aliniambia siku moja nilipompeleka hospitali, "na bahati yako, ndiyo mazuri." Rangi nazo zikawa zinamwendea majivu. Basi ile kauli yake ya darasani ikawa si mzaha tena. Kila asubuhi baada ya sala alikaa mbele ya picha na kuipitia kwa ncha za vidole, taratibu, akianzia chini, pembe ya kushoto. Pale palikuwa na gamba nene jeusi lililoinuka kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Alilishika hilo kwanza, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango, kisha ndipo anapanda: kwenye mchanga, kwenye mshono wa gunia, kwenye lami iliyokunjana. Nimemwona. Uso wake ulikuwa unabadilika kama wa mtu anayesikiliza redio.

Mvua za mwaka huo zikaiharibu dari ya nyumba yake, huko Bustan. Mafundi wakaingia na vumbi lao, wakati huohuo binti yake akamchukua Bangkok kutazamwa macho kwa mara ya mwisho. Picha ikahitaji pa kukaa. Na katika watu wote wa Maskati, wenye majumba na wenye akili, akanichagua mimi.

"Isipigwe jua," alisema. "Isipulizwe na kiyoyozi. Isifutwe kwa kitambaa. Isilazwe kifudifudi. Mengine unayajua."

Mengine nayajua! Nilirudi nyumbani nikaisimamisha chumbani kwetu, nikahamisha kabati, nikahamisha kitanda, nikaweka pazia juu ya pazia, mpaka chumba kikawa giza mchana kweupe. Mke wangu akawa anavalia bafuni.

"Inanitazama," akasema.

"Haina macho!"

"Ndiyo maana naiogopa."

Ofisini sikufanya kazi. Kila saa nilitoka ukumbini kupiga simu. "Ipo?" namuuliza shangazi. "Imekwenda sokoni," ananijibu, anakata. Nilikuwa nikiota nzi wamejaa juu yake, nikiota mtoto wa jirani kaja na penseli za rangi, nikiota jengo zima limetitia kwa sababu ya uzito. Baridi ya kiyoyozi ilinitia wasiwasi, joto likanitia wasiwasi zaidi. Nikalala na kitambaa cha maji kichwani ili kiyoyozi kizimwe, na Maskati mwezi wa sita si mahali pa kuzima kiyoyozi. Nilipungua mpaka mkanda wa suruali ukanizunguka mara mbili.

Nilijikinga na kila kitu. Udi haukunijia akilini.

Lazima nieleze kidogo hapa, ingawa kwa wenzangu wa kwetu hakuna haja. Kwetu kitu cha mtu hakirudi kwa mwenyewe kama kilivyokuja. Sahani ya jirani ikija na sambusa inarudi na kaimati. Nguo ya kuazima inafuliwa, inapigwa pasi, inatandazwa juu ya kile kitundu cha mbao, mfano wa tenga la kuku, chenye chetezo cha makaa chini yake, inafukizwa udi mpaka uzi wa mwisho, ndipo inarudi. Kurudisha kitu kikavu, hakinukii, ni kusema: tumekitumia, chukueni. Na shangazi yangu katika mambo haya hana mfano. Akifukiza Ijumaa, paka wa mtaani wananukia mpaka Jumatatu.

Binti yake Maalim akanitumia ujumbe wa sauti. Wanarudi kesho. Madaktari wamesema hakuna la kufanya tena. Kilichobaki ndicho hicho, na nacho kitapungua. Halafu sauti ikabadilika, akaja Maalim mwenyewe, mbali kidogo na simu: "Muulize picha hajambo?"

Nikajibu hapohapo, kwa furaha yangu yote: "Hajambo kabisa, Maalim, anakusalimia."

Nilipofika nyumbani jioni ile, harufu ilinipokea chini kwenye maegesho. Udi wa asili, ule anaouficha kwa ajili ya maharusi. Nilipanda ngazi, sikumbuki kukanyaga. Shangazi alikuwa kakaa kwenye busati sebuleni, katulia, na mbele yake picha ya Maalim imeegemezwa juu ya kitundu cha mbao kama kanzu, chetezo chini yake kinafuka.

"Nimekusaidia," akasema. "Ilikuwa inanuka ghala."

Niliing'oa pale. Upande wa chini ulikuwa wa moto kama mkate. Lami imelainika, imeng'aa. Na chini, pembe ya kushoto, pale palipokuwa na gamba, palikuwa na shimo la ukubwa wa tende.

"Shangazi! Kuna kitu kimetoka hapa!"

"Kidogo tu. Kimebambuka chenyewe. Nimekuwekea."

Akanyoosha mkono. Alikuwa ameliweka gamba kwenye kisahani cha kahawa, juu ya karatasi ya shashi, kama jino la mtoto.

Nilikaa chini. Nadhani moyo wangu ulisikika mpaka Mutrah, bandarini. Mke wangu alitoka jikoni, akatazama shimo, akatazama kisahani, akanitazama mimi, akaenda chumbani na kurudi na gundi yake ya kubandikia kucha.

"Tone moja," akasema.

"Vidole vyake vitajua."

"Atajuaje? Unasema haoni."

"Ndiyo maana atajua."

Nikalitazama gamba kisahanini. Likiwekwa limepinda unywele mmoja, atajua. Likiwekwa sawasawa, atagusa gundi, atajua. Na kama hatajua, basi kila asubuhi atakuwa anashika kitasa cha uongo, na mimi ndiye nitakayekuwa najua. Shangazi alikuwa akinitazama na hakuelewa bado. Nikamweleza: mzee huyu macho yamekwisha, picha hii anaiona kwa mkono, na mkono wake unaanzia hapa. Hapa hasa.

Akaziba mdomo kwa upindo wa mtandio.

"Basi nitakwenda mwenyewe," akasema mwishowe. "Wewe hujui kuomba radhi. Utaanza kuchekesha."

Kesho yake alasiri tukaondoka. Picha niliisimamisha kiti cha nyuma, nimeizungushia blanketi, nimeifunga mkanda wa gari, na shangazi kakaa pembeni yake kaishika bega. Kwenye barabara kuu niliendesha polepole hivi kwamba malori ya maji yalinipita, na dereva mmoja akatoa kichwa kuniuliza kama nimebeba mayai. Kiyoyozi nikikiwasha, nahofia lami itaganda na kupasuka. Nikikizima, nahofia itayeyuka. Nikawa nakiwasha na kukizima mpaka shangazi akasema, "Utatuua kwa homa." Wadi Kabir kulikuwa na foleni kwenye magereji, gari linaruka kwenye matuta, na kila mruko nilisikia, au nilidhani nasikia, chembe za mchanga zinadondoka ndani ya blanketi. Gamba lenyewe lilikuwa mfukoni mwangu, kwenye kijisanduku cha pete ya mke wangu. Kule kwenye mlima wa kuteremkia Bustan nilikiangalia kijisanduku mara nyingi kuliko barabara.

"Umwambie wewe kwanza," nikamwambia shangazi.

"Tazama mbele."

Maalim alikuwa barazani kwake ndani, dari mpya juu yake inanuka plasta. Alikuwa amepungua. Alituelekezea sikio, kisha akageuza kichwa upande, kama kuku, ili atupate kwa pembe ya jicho.

"Nani mwingine?"

"Shangazi yangu, Maalim."

"Karibu, bibi. Wa wapi Unguja?"

"Malindi."

"Ah! Watu wa samaki."

"Na nyinyi Mkunazini watu wa maneno," shangazi akamjibu. "Samaki angalau analika."

Akacheka, na kwa kicheko kile nilizidi kuogopa, maana nilijua nitakiua. Binti yake alileta kahawa na halua. Halua niliiacha, mimi ambaye kwenye hitima huwa naombwa niwaachie wengine. Maalim hakugusa kikombe.

"Nilete rafiki yangu."

Nikaifungua, nikaisimamisha mbele yake kwenye kiti chake cha siku zote. Kabla hajanyoosha mkono, aliinua pua.

"Mmeifukiza."

"Tumeifukiza," nikasema.

Mkono ukashuka. Nimeona mambo mengi katika maisha haya, nimeona wadi, mto mkavu wa huku, ikijaa maji na kuchukua gari na dereva wake anasoma dua kwenye paa, lakini sijaona kitu kilichokwenda polepole na kunitisha kama vidole vile vinne vinavyoelekea chini, pembe ya kushoto. Vikafika. Vikatafuta. Vikarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyehisi amekosea mlango, vikaja tena. Kidole cha shahada kikaingia kwenye shimo, kikabaki humo.

"Nilikuwa naanzia hapa," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu.

"Ni mimi," shangazi akasema. "Yeye hakuwapo. Nilitaka irudi kwako inanukia, nikaiweka juu ya chetezo. Sikujua kwamba unaishika. Ningejua nisingeigusa. Nisamehe, ndugu yangu."

Maalim alikuwa bado kaweka kidole pale. Niliposema kipande tunacho, alifungua kiganja bila kugeuka, nikamwekea gamba. Akalipindua, akalipitia kingo, akalifunga ndani ya ngumi. Kwa mkono mwingine akajaribu kuanza safari yake upya, kutoka kwenye mchanga. Akapotea, vidole vikateleza mpaka kwenye fremu, akasimama. Akajaribu tena kutokea juu. Akapotea tena. Nilitazama sakafu.

Kisha akaniita.

"Hapa pana shimo. Ndani ya shimo kuna nini?"

Sikuelewa.

"Chini ya hii ipo nyingine. Niliwaambia darasani. Tazama. Rangi gani?"

Tangu jana sikuwa nimetazama ndani ya shimo. Naapa. Nililiona shimo kama kosa, nikakodolea ukingo wake tu. Sasa nikapiga magoti. Kulikuwa na rangi kweli, ndogo, tambarare, mbali na weusi uliokuwa juu yake. Na mimi, kwa furaha na kwa woga, nikafanya kama kawaida yangu:

"Subhanallah, Maalim! Inawaka! Ni manjano kama dhahabu ya maharusi, kama jua la—"

"Usinipambie."

Nikaishusha mikono yangu.

"Hiyo 'kama' na 'kama', kaa nayo. Mimi nitakuwa na hiyo utakayonipa, sitakuwa na nyingine. Niambie iliyopo."

Binti yake alivuta pazia, mwanga ukaingia. Nikainama mpaka pua ikanusa udi kwenye gunia. Nilitazama kwa namna ambayo sijapata kutazama kitu, na jasho lilinitiririka, maana nilijua nitakachosema hakuna wa kukisahihisha. Ningeweza kumpa chochote. Ningeweza kumpa uso wa mwanamke, bustani, bahari.

"Manjano," nikasema. "Si ya kuwaka. Imefifia. Upande wa kulia imefifia zaidi, karibu nyeupe."

"Endelea."

"Kuna mstari. Wa kijani. Mwembamba. Unaingia kutoka chini, unapinda."

"Ni ua," shangazi akaninong'oneza nyuma ya sikio. "Mwambie ni ua, ana haja gani ya mstari mzee wa watu?"

"Nimesikia, bibi," Maalim akasema. "Ni ua?"

Mstari ulifika ukingoni mwa shimo na kuingia chini ya lami. Ungeweza kuwa shina. Ungeweza kuwa ukingo wa sahani, au wa bega la mtu. Shangazi alinifinya mgongoni. Alikuwa akingoja nimpe yule mzee ua, na Maalim mwenyewe alikuwa akingoja, uso kaugeuza pembeni, na mimi nilitaka kumpa shamba zima.

"Sijui, Maalim. Hauonyeshi. Unapinda kulia, halafu unafichika."

Akavuta pumzi. Kidole chake kikarudi shimoni, kikasugua polepole.

"Laini," akasema. "Hamna kitu cha kushika."

"Rangi ipo."

"Basi niambie tena. Anzia chini, kushoto, kama mimi. Usiende mbio."

Nikamshika kidole, nikakiweka pale mstari unapoingia, nikaanza upya.